Seli shina nchini Uingereza: fedha za serikali na maadili ya utafiti

Seli shina ni seli ambayo bado haijapangiwa kazi mwilini: huweza kujigawa na kuzaa nyingine kama yenyewe, tena huweza kugeuka kuwa seli ya damu, ya neva au ya jicho. Zilizomo katika uboho wa mtu mzima hazina ugomvi mkubwa. Ubishi uko kwenye zile zitolewazo katika kiinitete cha siku chache, kwani kuzitoa ni kukiharibu. Timu ya James Thomson ilizikuza maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1998 huko Wisconsin, Marekani. Lakini hoja ya nani aruhusiwe kugusa kiinitete ilikwisha kutua London miaka 14 kabla ya hapo.

Chanzo chake ni kuzaliwa kwa Louise Brown mwaka 1978, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya mwili wa mama. Mwaka 1982 serikali iliunda kamati chini ya mwanafalsafa Mary Warnock, na ripoti yake ya 1984 ikaweka mpaka ambao baadaye nchi nyingi ziliuiga: kiinitete kisikuzwe maabara kupita siku 14. Karibu na siku ya 15 hujitokeza mstari wa awali, dalili ya mwili mmoja kuanza kujipanga. Kabla yake kiinitete bado chaweza kugawanyika kuwa mapacha. Hata hivyo biolojia ni nusu tu ya hoja. Warnock alitaka mpaka unaohesabika, maana siku zinaweza kuhesabiwa na yeyote, ilhali utu hubishaniwa bila kikomo. Wajumbe watatu wa kamati yake walikataa utafiti wa viinitete kabisa. Mwaka 1985 mbunge Enoch Powell alipeleka mswada wa kuupiga marufuku. Ulipita kusomwa mara ya pili kwa kura 238 dhidi ya 66, ukafa kwa kukosa muda. Sheria ilipatikana mwaka 1990, na mamlaka ya leseni, HFEA, ikaanza kazi mwaka uliofuata.

Sheria hiyo ilitaja madhumuni matano, yote yakihusu uzazi na kasoro za kurithi. Seli shina hazikuwemo. Desemba 2000 Baraza la Chini liliongeza utafiti wa magonjwa makubwa kwa kura 366 dhidi ya 174, na Baraza la Malodi likaridhia Januari 2001. Kamati ya Malodi iliyopitia suala hilo, na mwaka 2002 ikaunga mkono utafiti uendelee, iliongozwa na Richard Harries, Askofu wa Oxford. Msomaji asishangae: maaskofu 26 wa Kanisa la Anglikana wana viti katika baraza hilo.

Hapa ndipo njia ya Uingereza ilipoachana na ya Marekani. Agosti 2001 Rais George W. Bush aliruhusu fedha za serikali kuu zitumike kwa seli zilizokwisha kutengwa tu, wakati kampuni binafsi hazikuzuiwa na sheria yoyote ya shirikisho. Aliyekuwa na fedha zake aliendelea. Uingereza hakuna mlango huo wa nyuma: leseni inamhusu kila mtu, awe analipwa na Baraza la Utafiti wa Tiba, MRC, au na tajiri. Tena mwenye leseni akipata aina mpya ya seli hulazimika kuweka sampuli katika Benki ya Seli Shina, iliyoanzishwa kwa fedha za umma huko South Mimms, kaskazini ya London. Miongoni mwa seli za mwanzo kuwekwa huko ni zile za King's College London.

Leseni, hata hivyo, si hundi. Mwaka 2008 Bunge lilikubali viinitete mchanganyiko, ambamo kiini cha seli ya mtu hutiwa katika yai la mnyama, baada ya Kanisa Katoliki kuvipinga kwa ukali. Stephen Minger wa King's alikuwa na leseni. Alipoomba fedha za kazi hiyo, akakosa. Wakati huo Shinya Yamanaka wa Japani alikwisha kuonyesha kwamba seli ya ngozi yaweza kurudishwa katika hali ya ushina bila kiinitete chochote.

Matunda ya kitabibu yamekuja polepole. Mwaka 2018 madaktari wa hospitali ya macho ya Moorfields na chuo cha University College London, UCL, walieleza jinsi wagonjwa wawili walivyopandikizwa kiraka cha seli zilizotokana na kiinitete nyuma ya jicho, wakaweza kusoma tena.

Siku hizi swali la fedha limehamia kwenye seli za mgonjwa mwenyewe. Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kuidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu ambayo huchukua seli shina za damu, huzihariri jeni na kuzirudisha mwilini. Bei yake iliyotangazwa ni pauni milioni 1.65 kwa mtu mmoja. Januari 2025 huduma ya afya ya taifa ilikubaliwa kuilipia, kwa makadirio ya wagonjwa 50 hivi kwa mwaka. Kwa kulinganisha, nchini Tanzania hukadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka.