Sewa Haji na Deni la Wapagazi

Wahenga walinena: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii humpa heshima maskini atoaye kidogo alicho nacho. Lakini yafaa pia kumpimia tajiri: atoapo, ampa nani, kwa sharti gani, na mali hiyo aliipataje? Maisha ya Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo mwenye asili ya Kihindi, yatufungulia maswali hayo.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa kituo kikuu cha misafara itokayo Unyamwezi na Ujiji. Maelfu ya wapagazi waliingia mjini wakiwa na pembe za ndovu mabegani, wakarudi bara na mizigo ya vitambaa, shanga na nyaya. Safari ilichukua miezi. Njaa, vidonda na ndui viliandamana nao, na mpagazi aliyeugua pwani alikuwa mbali na jamaa wa kumuuguza.

Sewa Haji alitajirika kwa biashara hiyohiyo. Aliuza vifaa vya safari na kuwatafutia wasafiri wapagazi. Mwaka 1871, akiwa bado kijana, alimhudumia Stanley aliyekuwa akienda kumtafuta Livingstone. Naye Stanley akaandika kitabuni mwake malalamiko mengi juu ya bei alizotozwa. Basi utajiri wake haukutoka mbinguni. Ulibebwa na mabega ya watu.

Hata hivyo, miaka ya mwisho ya uhai wake alirudisha sehemu ya mali hiyo. Alitoa jengo la shule mjini Bagamoyo kwa sharti kwamba lipokee watoto bila kubagua rangi. Alitoa fedha za kujengea hospitali Dar es Salaam, na wenye ukoma wa Bagamoyo hakuwasahau. Alifariki mwaka 1897, na mwaka huohuo hospitali hiyo ilianza kazi ikiitwa kwa jina lake.

Hapa ndipo nguvu ya mfadhili na mpaka wake vionekanapo pamoja. Waafrika na Wahindi walitibiwa Sewa Haji. Wazungu walikuwa na hospitali yao ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani katika miaka hiyohiyo. Fedha za mtu mmoja ziliweza kusimamisha kuta, lakini hazikuweza kubomoa ubaguzi wa utawala wa kikoloni, wala kubadili hali iliyomfanya mpagazi augue. Kazi hiyo yahitaji umma wenye madaraka juu ya nchi yao.

Mwaka 1956 kazi ya hospitali hiyo ya kale ilichukuliwa na hospitali mpya iliyopewa jina la Princess Margaret, ambayo baada ya Uhuru iliitwa Muhimbili. Jina la Sewa Haji lilibakizwa katika jengo mojawapo.

Je, tumwite mkarimu au mdaiwa aliyelipa? Pengine alikuwa yote mawili. Walimu na wanafunzi wapitao Muhimbili na walikumbuke jina lililohifadhiwa pale. Lakini wawakumbuke pia wapagazi, ambao jasho lao lilikuwa mchango wa kwanza, na ambao majina yao hayakuandikwa ukutani.