Mlima Mweusi Ulioamriwa Uwe wa Manjano

Wasee, wacha niseme ukweli. Kwa miaka nilidhani Huangshan ni mchoro tu. Mnaijua ile picha: vilele vyembamba kama vidole, msonobari umejishikilia kwenye mwamba mtupu, mawingu yako chini badala ya juu. Iko kwenye zile kalenda za Kichina zinazotundikwa madukani. Kumbe ni safu ya milima ya kweli, mkoa wa Anhui, mashariki mwa China.

Nilipoanza kuisoma, jina likanisumbua. "Shan" ni mlima. "Huang" ni manjano. Sasa angalia picha yoyote uniambie manjano iko wapi. Huoni. Ni graniti ya kijivu, na ikinyeshewa inakaribia kuwa nyeusi.

Na hivyo ndivyo ulivyoitwa zamani! Jina la kwanza lilikuwa Yishan, na "yi" ni weusi. Watu waliutazama, wakaupa jina la kile walichokiona. Basi.

Kisha mwaka 747 Mfalme Xuanzong wa nasaba ya Tang akatoa amri: kuanzia leo ni Huangshan. Hakuwa anazungumzia rangi. Alikuwa anamheshimu Huangdi, yule Mfalme wa Manjano ambaye Wachina wengi humhesabu kuwa babu yao. Hadithi inasema Huangdi alikuja milimani hapa na wenzake wawili, Rongcheng na Fuqiu, akachemsha dawa ya kutokufa. Akaoga kwenye chemchemi ya moto, uzee ukamtoka, akapaa mbinguni. Chemchemi bado ipo, na kuna kilele kinachoitwa cha kuchemshia dawa.

Xuanzong alikuwa mfuasi mkubwa wa dini ya Tao, na ukoo wake ulidai unatoka kwa Laozi mwenyewe. Kwa hivyo mlima wenye siri ya kutokufa ulimfaa kabisa. Lakini mlima haukumsaidia. Miaka minane baadaye, mwaka 755, jenerali wake An Lushan aliasi, na mwaka uliofuata mfalme akatoroka mji wake mkuu. Jina likabaki.

Kwa urefu, msishtuke: kilele kirefu zaidi, Lianhua, yaani Ua la Yungiyungi, kina mita 1,864. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,800! Tofauti ni kwamba milima hii inachomoka kutoka ardhi ya chini, kwa hivyo ukisimama chini yake utainua shingo mpaka iume. Graniti hiyo ilitoka tumboni mwa ardhi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, ikapasuka, maji na barafu vikaichonga. Mawingu hujaa mabondeni siku nyingi za mwaka, ndiyo maana sehemu za mlima zinaitwa "bahari": Bahari ya Kaskazini, Bahari ya Magharibi. Hakuna samaki hata mmoja.

Majina kama hayo ndiyo nayapenda. Kuna kilele chembamba chenye msonobari juu. Wanasema mshairi Li Bai alirusha brashi yake ya kuandikia, ikageuka mwamba na kuchanua. Hakuna aliyetoa amri hapo. Watu waliangalia, wakasimuliana, jina likashika.

Sasa ukidhani mambo ya amri yaliisha na wafalme, subiri. Mwaka 1979 Deng Xiaoping alipanda mlima huu na kuhimiza utalii. Mwaka 1987 eneo la Huizhou, lililobeba jina hilo tangu 1121, likabadilishwa kuwa Mji wa Huangshan. Huizhou ya wafanyabiashara maarufu na wino bora wa China! Hata "hui" ya Anhui inatoka hapo. Leo jina limebakia kwa wilaya moja ndogo, na wako Wachina ambao mpaka sasa wanataka lirudishwe. Na mgeni akifika Mji wa Huangshan akidhani amefika mlimani, bado ana safari ya gari mbele yake.

Naelewa pesa ya utalii. Watu lazima wale. Lakini jina la kuuza kitu na jina la kukumbuka kitu ni mambo mawili tofauti, na mara nyingi la kuuza ndilo hushinda kwa sababu lina muhuri wa serikali.

Nimalizie na tumbili. Kuna jiwe juu pale linalofanana na tumbili ameketi. Hadithi inasema alimpenda msichana wa Taiping, akajigeuza kijana mtanashati, akaposa, akakubaliwa. Usiku wa harusi akalewa, manyoya yakarudi, bibi harusi akatoroka. Tangu hapo ameketi akitazama kwao. Mawingu yakijaa, watu husema Tumbili Anatazama Bahari. Yakiondoka, Tumbili Anatazama Taiping.

Ila wilaya ya Taiping nayo ilibadilishwa jina. Siku hizi inaitwa, mmeshajua, Huangshan.

Kwenye ramani, maskini tumbili anatazama mahali ambapo hapapo tena. Lakini wanaopanda mlima bado wanasema Taiping. Mimi niko upande wa tumbili. Wewe je, mtaani kwenu kuna jina gani ambalo ramani ilifuta na watu wakakataa kuacha?