Kwa nini viungo vya miongozo ya mtandaoni hukatika, na namna ya kuvirekebisha

Mwongozo unaomwelekeza msomaji kwenye sura nyingine hauna faida iwapo kiungo cha sura hiyo hakifunguki. Kwa mtunza takwimu za afya aliyeko Sherikat, mashariki mwa Mto Nile mjini Juba, kila ukurasa unaofunguliwa bure hula kifurushi cha intaneti na kuchelewesha ripoti.

Mambo muhimu
• Aina ya hitilafu huonesha chanzo chake.
• Kubadili au kutafsiri kichwa cha habari kunaweza kukata viungo.
• Nakala isiyohitaji intaneti huhitaji viungo vya aina yake.

Kwa nini jambo hili ni muhimu?

DHIS2 ni programu huria ya takwimu za afya inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kenya ilianza kuitumia nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania, Uganda na Sudan Kusini pia huitumia. Mwongozo wake una kurasa nyingi zinazorejeleana, hivyo kiungo kimoja kikikatika, mtumiaji huachwa katikati ya kazi.

Hitilafu hutambuliwaje?

Ujumbe wa 404 humaanisha kuwa ukurasa umehamishwa, umefutwa au anwani yake imekosewa. Ukurasa ukifunguka lakini ukabaki juu badala ya kushuka hadi sehemu iliyotajwa, basi nanga ya sehemu hiyo, yaani jina lake ndani ya anwani, imepotea.

Programu nyingi hutengeneza nanga kutokana na kichwa cha habari. Kichwa "Usajili wa wagonjwa" huzaa nanga #usajili-wa-wagonjwa. Mhariri akikibadili kuwa "Kusajili wagonjwa", viungo vya zamani havifiki tena. Ndivyo inavyokuwa pia kichwa cha Kiingereza kinapotafsiriwa kwa Kiswahili.

Mwandishi afanye nini?

Kila sehemu ipewe nanga ya kudumu isiyotegemea maneno ya kichwa, na mtafsiri asiiguse. Ndiyo njia inayotumika katika miongozo ya DHIS2. Ukurasa ukihamishwa, anwani ya zamani ielekezwe kwenye mpya.

Ukaguzi ufanyike kabla ya kuchapisha. Katika MkDocs, amri ya mkdocs build --strict husitisha kazi inapokuta kiungo cha ndani kinachoelekea ukurasa usiokuwepo. Ukaguzi wa nanga huwashwa kwenye mipangilio. Sphinx nayo ina linkcheck kwa viungo vya nje.

Mwongozo utakaobebwa kwenye kadi ya kumbukumbu utumie viungo vinavyotaja faili jirani, si anwani kamili inayoanza na https, ambayo hudai intaneti. Katika MkDocs, mpangilio wa use_directory_urls uwekwe false, la sivyo kubofya kiungo kunaweza kufungua orodha ya mafaili badala ya ukurasa.

Msomaji afanye nini?

Asiye na mamlaka ya kuhariri anaweza kufuta sehemu ya anwani kuanzia alama ya #, kisha kutafuta kichwa ndani ya ukurasa. Ukurasa uliofutwa huenda umehifadhiwa na Wayback Machine ya Internet Archive. Hatimaye awaarifu wenye mwongozo, akitaja ukurasa aliokuwa akiusoma na kiungo kilichokatika. Bila taarifa hizo mbili, mrekebishaji hujua tu kwamba kuna tatizo, asijue lilipo.