Zambarau Iliyotoka Kwenye Mawe

Kidato cha pili mwalimu wa kemia alitugawia vipande vya karatasi ya litmasi, vyembamba kama njiti za kiberiti. Tukadondoshea ndimu, ikawa nyekundu. Tukachovya kwenye maji ya jivu, ikawa buluu. Niliandika kwenye daftari, nikapita mtihani, na sikuwahi kuuliza swali moja la kitoto: hiyo rangi yenyewe hutoka wapi?

Jibu nililipata miaka mingi baadaye. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nimerudi Karagita kwa Mathe, naandikia watu makala kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Mteja mmoja alitaka maneno mia tano kuhusu rangi za asili. Nikasoma usiku kucha. Kumbe litmasi hutokana na laikeni.

Laikeni unaijua hata kama hujui jina lake. Panda baiskeli hadi Hell's Gate, usimame chini ya ule mnara wa jiwe uliopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapa mwaka 1883. Utaona madoa kwenye mawe, ya kijivu, ya kijani kilichofifia, mengine ya rangi ya chungwa, kama mtu alimwaga rangi akaondoka. Nilikua nikidhani ni uchafu wa jiwe. Ni kitu hai, tena si kiumbe kimoja. Ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja: kuvu hujenga nyumba na kushikilia jiwe, mwani hupika chakula kwa mwanga wa jua. Mswisi Simon Schwendener alipotoa hoja hiyo mwaka 1867, wataalamu wengi wa laikeni wa wakati wake waliikataa.

Ukitaka kujua ugumu wa kitu hiki, hama kidogo kutoka Naivasha uende kwenye pwani za baridi, Uskoti au Norwei. Huko miamba ya bahari imejipanga kwa mistari. Karibu na maji kuna mstari mweusi ambao mgeni anaweza kudhani ni mafuta ya meli. Juu yake, wa chungwa. Juu zaidi, wa kijivu. Zote ni laikeni, na kila moja imekaa pale chumvi inapotosha uwezo wake.

Sasa fikiria kuishi hapo. Hakuna udongo. Wimbi linakurushia chumvi, upepo unakukausha, usiku barafu inakufunika. Laikeni haina mizizi. Hunywa kwa mwili mzima, umande, ukungu, mvua, chochote kinachopita. Maji yakikosekana haihangaiki. Inakauka kabisa, inasimamisha shughuli zote na kungoja. Tone likirudi, inaamka baada ya muda mfupi na kuendelea na kazi. Ndani yake kuna aina za sukari zinazozuia chumvi isiinyonye maji, na zinazolinda seli wakati wa ukavu. Ile ya chungwa imejipaka rangi inayoikinga na jua kali. Zipo zinazotengeneza chakula hata kwenye baridi ya chini ya sifuri. Nyingi za miambani hukua chini ya milimita moja kwa mwaka. Mwaka 2005 wanasayansi wa Ulaya waliweka laikeni nje ya chombo cha angani kwa takriban wiki mbili, bila hewa wala kinga. Zilirudi zikiwa hai.

Ila kuna mkono wa binadamu, na huo haukungojwa.

Baadhi ya laikeni hubeba asidi zisizo na rangi. Ukizitazama ni kijivu tu. Lakini zilowekwe kwenye amonia, ziachwe zipate hewa siku kadhaa, na hiyo kijivu inageuka zambarau. Kabla ya viwanda vya kemikali, amonia ya bei rahisi ilikuwa mkojo uliochacha. Mwaka 1758 Cuthbert Gordon alipata hataza ya rangi hiyo huko Uskoti, akaiita cudbear kutokana na jina Cuthbert. Mwaka 1777 George Macintosh akajenga kiwanda Glasgow, akakizungushia ukuta mrefu, akawaapisha wafanyakazi wasitoe siri. Mkojo ulikusanywa nyumba kwa nyumba mjini. Laikeni ilikwanguliwa miambani na watu maskini. Miamba ya karibu ilipoishiwa, meli zikaenda kuitafuta Norwei na Uswidi. Kitu kinachokua milimita kwa mwaka hakiwezi kushindana na gunia.

Halafu nikafika sehemu iliyonikalisha kitako. Ndugu wa laikeni hizo, jamii ya Roccella, hupenda hewa ya bahari, na kwetu huota hata kwenye matawi ya miti ya pwani. Karne ya 19 iliokotwa kuanzia pwani ya Wasomali hadi Msumbiji. Ikapakiwa Zanzibar pamoja na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi, ikaenda Ulaya kutia nguo za wengine zambarau. Historia ya shule ilinifundisha pembe na karafuu. Hiki kigugu cha kijivu hakikutajwa.

Mwaka 1856, London, kijana wa miaka 18 anaitwa William Henry Perkin alikuwa anajaribu kutengeneza dawa ya malaria kwenye maabara yake ya nyumbani. Akakosea. Akapata zambarau kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe. Akaacha chuo, profesa wake akilalamika, akafungua kiwanda. (Ndiyo, hapo nilitabasamu. Mimi niliacha chuo nikafungua bando.) Rangi za viwandani zikafuatana moja baada ya nyingine, na biashara ya laikeni ikanyauka. Litmasi ndiyo mabaki yake.

Na litmasi, kwa karne nyingi, ilitengenezwa hasa Uholanzi.

Hapo nikaweka simu chini. Mathe alikuwa anavaa gambuti. Ni saa kumi na nusu alfajiri, baridi ya Naivasha inauma masikio, basi la shamba la maua liko karibu kupiga honi. Kazi yake ni kupanga mawaridi kwa urefu wa shina, kuyafunga na kuyapakia. Mengi ya maua ya ziwa hili huuzwa Uholanzi, au hupitia huko. Nchi ileile. Tunauza rangi tena, safari hii ikiwa bado kwenye petali.

Machi 2020 soko la maua la Aalsmeer liliporomoka kwa sababu ya korona, na hapa mawaridi yalimwagwa kama takataka. Mathe alikaa nyumbani miezi mitatu. Ploti yetu nzima ilikaa nyumbani. Watu walirudi ushago na masanduku juu ya matatu. Hatukuwa tumekosea lolote, na mashina yetu hayakuwa mafupi. Mtu wa mbali aliacha kununua, basi.

Jioni nilimsimulia habari ya laikeni. Alisikiliza akisugua vidole vyenye alama za miiba.

"Sasa kijana yangu, hao waliokuwa wakiokota huko pwani, waliitwa nani?"

Nilikuwa na Gordon, Macintosh na Perkin. Nilikuwa na Schwendener. Mwokotaji hata mmoja sikuwa naye, wa Uskoti wala wa kwetu. Vitabu nilivyosoma vimehifadhi jina la kitu kilichookotwa na la aliyekinunua. Mteja wangu alitaka maneno mia tano kuhusu rangi. Nikampa hayo, akanilipa. Haya mengine nimeyaandika kwa sababu ya swali la Mathe.

Jumapili iliyofuata tulienda Hell's Gate, yeye kwa bodaboda, mimi kwa baiskeli ya kukodi. Nilimwonyesha doa la kijivu, pana kama sahani. Akaligusa kwa kidole gumba, taratibu, vile anavyogusa ua kuona kama limeiva.

"Mbona halina rangi?"

"Linataka mkojo, Mathe. Uliochacha."

Alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. Tulikula viazi tulivyobeba, tukaliacha doa lilipo, tukashuka mapema. Basi la Jumatatu halingoji mtu.