Kufunga padeli za gia katika gari la zamani

'''Kufunga padeli za gia katika gari la zamani''' ni kazi ya kuweka padeli za kubadilishia gia, zilizotoka katika toleo jipya zaidi la gari, kwenye usukani wa gari lililotengenezwa kabla ya toleo hilo. Padeli za gia ni vipande viwili bapa vya plastiki au metali vilivyo nyuma ya usukani. Dereva huvivuta kwa vidole bila kuondoa mikono kwenye usukani. Katika mpangilio uliozoeleka leo, padeli ya kulia hupandisha gia na ya kushoto huishusha.

Padeli yenyewe haigusi giaboksi. Ni swichi tu inayopeleka ombi kwa kompyuta ya giaboksi, na kompyuta ndiyo huamua kulitekeleza au kulikataa. Kwa hiyo kufaulu kwa kazi hii hakutegemei kama padeli zinaenea kwenye usukani, bali kama gari lina njia ya kupokea ombi hilo. Aidha, kazi hufanyika karibu na mfuko wa hewa wa dereva, ambao unaweza kumjeruhi fundi au kushindwa kumlinda dereva siku ya ajali iwapo utafungwa vibaya.

== Historia ==

Padeli za gia zilipata umaarufu katika mashindano ya Formula One. Mwaka 1989 timu ya Ferrari ilileta gari la Ferrari 640 lililobuniwa na Mwingereza John Barnard. Gari hilo lilikuwa na giaboksi iliyosukumwa kwa nguvu ya mafuta, na dereva aliiamuru kwa padeli zilizo nyuma ya usukani. Nigel Mansell alishinda nalo mbio zake za kwanza, Grand Prix ya Brazil, tarehe 26 Machi 1989.

Katika magari ya barabarani, Porsche iliweka vibonye vya gia kwenye usukani wa magari yake ya otomatiki katikati ya miaka ya 1990. Ferrari ilitoa F355 F1 yenye padeli mwaka 1997. Mwaka 2003 Volkswagen ilianza kuuza Golf R32 yenye giaboksi ya klachi mbili, iitwayo DSG. Tangu hapo padeli zilienea hadi katika magari ya kawaida ya familia.

== Sababu za kubadilisha ==

Wamiliki hufanya badiliko hili kwa sababu mbalimbali:

* Gari lina giaboksi inayokubali amri za dereva, lakini lilitoka kiwandani na usukani usio na padeli.
* Usukani wa zamani umechakaa, na usukani wa toleo jipya una padeli tayari.
* Dereva anataka kushusha gia kwa urahisi kwenye mteremko mrefu ili injini isaidie kupunguza mwendo, na breki zisipate joto kupita kiasi.
* Mpangilio wa zamani unachanganya.

Mfano wa sababu ya mwisho ni Porsche 911 iliyopata giaboksi ya klachi mbili ya PDK mwaka 2008. Usukani wake wa kawaida ulikuwa na vitelezo viwili, kimoja kila upande. Kila kimoja kilipandisha gia kikisukumwa kwa dole gumba, na kuishusha kikivutwa kutoka nyuma. Madereva waliozoea "kulia juu, kushoto chini" walikosea mara kwa mara. Baadaye Porsche ilianza kutoa usukani wenye padeli za mpangilio huo wa kawaida, na baadhi ya wenye magari ya awali wakatamani kuufunga.

Ieleweke kwamba padeli haziongezi nguvu ya injini wala haziharakishi giaboksi. Zinampa dereva nafasi ya kuchagua wakati wa kubadilisha gia, basi.

== Jinsi padeli zinavyofanya kazi ==

=== Padeli zinazozunguka na zisizozunguka ===

Padeli nyingi zimefungwa kwenye usukani wenyewe na huzunguka pamoja nao. Nyingine zimefungwa kwenye safu ya usukani na hubaki mahali pake hata usukani ukizungushwa. Mitsubishi Lancer Evolution X ilikuwa na padeli za aina hii ya pili. Nissan GT-R nayo ilikuwa nazo hadi toleo la mwaka 2017, padeli zake zilipohamishiwa kwenye usukani.

Tofauti hii ni muhimu kwa fundi. Padeli zisizozunguka zinaweza kuunganishwa kwa nyaya za kawaida. Padeli zinazozunguka zinahitaji njia ya umeme isiyokatika usukani unapozungushwa. Njia hiyo ni utepe mwembamba wa nyaya uliokunjwa ndani ya kasha la duara nyuma ya usukani. Utepe hujikunja na kujikunjua kadiri usukani unavyozunguka. Ndio hubeba umeme wa honi, vibonye vya redio na mfuko wa hewa. Ikiwa utepe wa gari la zamani hauna nyaya za ziada, sharti ubadilishwe.

=== Njia za kupeleka ishara ===

Kuna njia tatu kuu:

# '''Swichi ya moja kwa moja.''' Kila padeli ina waya wake. Ikivutwa, waya huo hugusana na ardhi ya umeme na kompyuta huona volti imeshuka.
# '''Ukinzani tofauti.''' Vibonye kadhaa hutumia waya mmoja, na kila kibonye kina kikinzani chake. Kompyuta hupima volti ili kujua kipi kimebonyezwa.
# '''Ujumbe wa kidijitali.''' Kompyuta ndogo ndani ya usukani hukusanya amri zote na kuzituma kama ujumbe kwenye waya mmoja. Kompyuta nyingine iliyo kwenye safu ya usukani huupokea na kuupeleka kwenye mtandao wa gari.

Usukani wa njia moja hauwezi kuzungumza na gari la njia nyingine, hata kama yote mawili yametoka kiwanda kimoja na usukani unaingia vizuri kwenye mhimili.

== Magari yanayofaa na yasiyofaa ==

Gari linalofaa zaidi ni lile ambalo toleo lake la bei ya juu, la mwaka huohuo na giaboksi hiyohiyo, liliuzwa likiwa na padeli. Katika gari kama hilo programu ya giaboksi mara nyingi inazitambua padeli, na kinachokosekana ni vipuri na mipangilio.

Kundi la pili ni magari ya otomatiki yasiyowahi kuwa na padeli, lakini mkono wake wa gia una nafasi ya alama za kujumlisha na kutoa. Ikiwa alama hizo hufanya kazi kwa swichi mbili za kawaida, padeli zinaweza kuunganishwa sambamba na swichi hizo. Kompyuta haitatofautisha amri ya mkono wa gia na amri ya padeli. Kwa kawaida padeli hizo hufanya kazi tu mkono wa gia ukiwa katika nafasi ya kuchagua gia.

Gari la gia za mkono halifai. Halina kifaa cha kusukuma klachi wala cha kusogeza gia, hivyo padeli hazina cha kuamuru. Gari la otomatiki la zamani linaloongozwa na presha ya mafuta bila kompyuta nalo halifai.

== Mfano: Volkswagen Golf ==

Golf ya kizazi cha tano ilianza kuuzwa mwaka 2003, na ya kizazi cha sita ikafuata mwaka 2008. Zote mbili zimejengwa juu ya msingi mmoja uitwao PQ35, kwa hiyo usukani wa kizazi cha sita unaingia kwenye mhimili wa kizazi cha tano. Kuhamisha usukani huo ni badiliko linalopendwa sana na wamiliki wa Golf ya tano yenye DSG.

Hata hivyo, kuingia hakutoshi. Usukani wenye padeli na vibonye hutuma ujumbe wa kidijitali kwa kompyuta ya safu ya usukani. Kompyuta hiyo ilitolewa katika matoleo kadhaa. Zile za bei ya chini haziwezi kusoma usukani wenye vibonye, na baadhi ya za zamani hazielewi usukani wa kizazi cha sita. Mara nyingi fundi hulazimika kuibadilisha pia. Baada ya hapo hutumia kompyuta ya uchunguzi kufungua sehemu namba 16, yaani umeme wa usukani, na kuieleza kuwa padeli zipo.

Jambo la tatu ni mfuko wa hewa. Mifuko mingine hulipuka kwa hatua moja na mingine kwa hatua mbili kulingana na ukali wa ajali, na plagi zake hutofautiana. Mfuko usiolingana na kompyuta ya gari huwasha taa ya onyo, na hakuna uhakika kwamba utafanya kazi inavyotakiwa.

== Hatua za kazi ==

Mpangilio wa jumla ni huu, ingawa kitabu cha mtengenezaji wa gari husika ndicho cha kufuatwa:

# Kulinganisha namba za vipuri vya usukani, utepe, mfuko wa hewa na kompyuta kabla ya kununua.
# Kunyoosha magurudumu ya mbele.
# Kuzima gari, kutoa waya hasi wa betri na kusubiri. Mfumo wa mfuko wa hewa huhifadhi umeme kwa muda hata betri ikiwa imetolewa. Toyota, kwa mfano, huagiza kusubiri angalau sekunde 90.
# Kutoa mfuko wa hewa na kuuweka mahali salama, upande wa mapambo ukitazama juu.
# Kufungua bolti au nati ya katikati na kuvuta usukani.
# Kubadilisha utepe au kompyuta ya safu ikihitajika, huku utepe ukiwa katikati ya mzunguko wake.
# Kufunga usukani mpya na kukaza bolti kwa spana ya kipimo.
# Kurudisha mfuko wa hewa, kisha betri, na kuweka mipangilio ya kompyuta.
# Kujaribu honi, taa na padeli gari likiwa limesimama kabla ya kuingia barabarani.

== Usalama wa mfuko wa hewa ==

Mfuko wa hewa hufunguka kwa mlipuko mdogo wa kemikali. Haupimwi kwa mita ya umeme ya kawaida, kwa kuwa umeme mdogo wa mita unaweza kuulipua. Ukilipuka ukiwa umelazwa kifudifudi, unaweza kuruka kwa nguvu na kumpiga aliye karibu.

Hatari nyingine huletwa na usukani uliotumika. Vilipuzi vya mifuko ya hewa vilivyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani vilirudishwa viwandani kwa wingi kuliko kipuri kingine chochote katika historia ya magari. Nchini Marekani pekee ni takriban milioni 67. Kemikali yake, amonia naitreti, huharibika taratibu kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Kilipuzi kilichoharibika kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya metali kwa dereva. Anayenunua usukani wa zamani hununua pia umri wa mfuko wake wa hewa. Inashauriwa kupata namba ya chasi ya gari ulikotoka usukani na kuitazama katika orodha za magari yaliyorudishwa.

== Hitilafu za kawaida ==

* '''Padeli hazifanyi kazi kabisa:''' mipangilio haijawekwa, au kompyuta ya safu si ya toleo sahihi.
* '''Padeli moja tu inafanya kazi:''' waya umekatika au plagi haijaingia vizuri.
* '''Honi au vibonye hufa usukani unapokatwa sana:''' utepe ulifungwa ukiwa haupo katikati na sasa umekatika.
* '''Taa ya mfuko wa hewa inawaka:''' plagi imelegea au mfuko haulingani na gari.
* '''Usukani umepinda gari likienda moja kwa moja:''' umefungwa kwenye meno yasiyo yake.
* '''Gia haishuki padeli ikivutwa:''' huenda si hitilafu. Kompyuta hukataa gia ambayo ingezungusha injini kupita kiwango chake.

== Sheria na ukaguzi ==

Nchini Ujerumani, badiliko linaloweza kuhatarisha watumiaji wa barabara huweza kuondoa kibali cha gari kutumika, hivyo vipuri vinapaswa kuwa na idhini au kukaguliwa. Nchini Uingereza, taa ya onyo ya mfuko wa hewa inayoonyesha hitilafu hufanya gari lishindwe ukaguzi wa mwaka.

== Afrika Mashariki ==

Magari mengi ya Kenya, Tanzania na Uganda huletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, magari yenye padeli kama Subaru Legacy ya mwaka 2009 yalifika huko miaka michache baada ya kutengenezwa. Vipuri vilivyotumika navyo huletwa, zikiwemo sukani zenye mifuko yake ya hewa. Katika joto na unyevunyevu wa pwani, tahadhari kuhusu umri wa mifuko hiyo ina uzito zaidi.

== Tazama pia ==

* Giaboksi
* Usukani
* Mfuko wa hewa
* Formula One
* Volkswagen Golf