Kilima cha Calton na Minara Yake

Mgeni apendaye kuuona mji wa Edinburgh wote kwa mara moja hupanda kilima cha Calton. Kimo chake ni kama meta 100 tu, lakini aliye juu yake huiona ngome ya kale juu ya mwamba wake, kilele cha Arthur's Seat, na bahari upande wa kaskazini. Juu ya kilima zimesimama nguzo 12 za mawe, kwa mfano wa hekalu la Athene. Ujenzi wake ulianza mwaka 1826 kwa ukumbusho wa askari waliokufa katika vita vya Napoleon; mwaka 1829 fedha zilikwisha, na kazi haijatimizwa hata leo.

Funzo kubwa zaidi, hata hivyo, limo katika minara miwili iliyo chini ya kilima. Wa kwanza, katika uwanja wa St Andrew, ulianza kujengwa mwaka 1821 kumtukuza Henry Dundas, waziri mwenye nguvu nyingi, aliyefariki mwaka 1811. Hoja ya kukomesha biashara ya watumwa ilipoletwa Bungeni mwaka 1792, Dundas alitaka ikomeshwe kidogo kidogo. Sheria ya kuipiga marufuku haikupatikana mpaka mwaka 1807.

Mnara wa pili ni mchongoma mweusi katika makaburi ya Calton. Huo ni ukumbusho wa watu watano waliohukumiwa mwaka 1793 na 1794 kupelekwa uhamishoni Australia, kwa kuwa walidai raia wapewe haki ya kuchagua wabunge. Waziri wa mambo ya ndani wakati huo alikuwa Dundas yule yule.

Tupime sasa. Mkuu alingoja miaka 10 tu baada ya kufa kwake. Wafungwa walingoja miaka 50, mpaka 1844. Watumwa walingoja zaidi: ni mwaka 2021 tu kibao cha kuwataja kilipowekwa chini ya mnara wa Dundas, nacho kikazusha ubishi mkali.

Julius Nyerere alisoma katika mji huu tangu 1949 hata 1952, kabla ya kuwaongoza watu wake kudai kura na uhuru. Minara yote miwili ilikuwapo, kibao hakikuwapo. Basi atazamaye mji kutoka kilimani asiulize tu nani ameinuliwa juu ya jiwe, bali na nani aliambiwa angoje.