Waliorudisha vya watu: uamsho ulioanzia Gahini

Mwishoni mwa miaka ya 1920 njaa iliikamata Rwanda, na hospitali ya misheni ya Gahini, kando ya Ziwa Muhazi, ikajaa watu waliokuja kufia mlangoni. Daktari wake Mwingereza, Joe Church, alichoka mwili na imani. Septemba 1929 akaenda Kampala kupumzika. Huko kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa ameajiriwa katika idara ya afya ya serikali. Wakakaa na Biblia siku mbili, wakisoma, wakiomba, kila mmoja akikiri upungufu wake mbele ya mwenzake. Mzungu na Mwafrika kupiga magoti pamoja namna ile, katika ukoloni wa wakati ule, halikuwa jambo dogo. Na wote wawili walikuwa walei. Nsibambi hakuwahi kuwa mchungaji hadi alipofariki mwaka 1978.

Gahini kwenyewe hali ilikuwa mbaya. Watumishi wa hospitali walikuwa na manung'uniko yao, na kiongozi wao, Yosiya Kinuka, alikwenda Kampala kumwona Nsibambi. Alipoulizwa habari za hospitali, akamwaga malalamiko yote juu ya daktari. Nsibambi akamjibu kwamba ubaya wa hospitali ile umo ndani ya Kinuka mwenyewe. Wengi wetu tukiambiwa hivyo tungeondoka tumenuna. Kinuka alirudi Gahini akiwa mtu mwingine, na walio chini yake wakauona mwenendo wake kabla hajasema neno.

Moto wa uamsho ulishika kweli kweli katika mkutano wa Biblia wa Desemba 1933. Katikati ya maombi mtu akasimama kuungama dhambi zake, akafuata mwingine, na mwingine. Tangu hapo uamsho ukawa na desturi yake. Aliyeokoka alisimama mbele ya ndugu, akataja dhambi kwa jina lake, kisha akaenda kutengeneza alichoharibu. Vitu vilivyoibwa vikarudi kwa wenyewe, madeni yaliyosahauliwa yakalipwa, mume akamwomba mkewe radhi watu wakisikia. Ndugu walimuuliza mtu kama yu nuruni na jirani yake, na jibu la jumla halikuwatosha. Ungamo lile lilikuwa na kero zake pia: wengine walisema hadharani mambo ambayo yangemalizwa chumbani, na wengine wakawatazama kwa dharau Wakristo wasiosimulia kama wao.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, aliyekuwa shemasi na mwalimu Gahini, alijiandaa kuiambia sinodi ya Uganda waziwazi kwamba kanisa limelala na meza ya Bwana imeachiwa kila mtu. Homa ikamuua Januari 1936. Kifo chake kiliwaamsha watu wengi kuliko hotuba ambayo angeitoa.

Wakubwa wa kanisa hawakufurahi wote. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa. Walikuwa wakiamka kabla ya alfajiri kuomba na kuhubiri, na hawakukubali kunyamazishwa. William Nagenda, aliyekuja kuwa mhubiri mkubwa wa uamsho, alikuwa mmoja wao. Waliofukuzwa wangeweza kuanzisha dhehebu lao. Hawakufanya hivyo, walibaki kwenye viti vya kanisa lilelile, wakakutana kila juma katika ushirika wao, bila kadi ya uanachama wala makao makuu. Kwa njia hiyo uamsho ulivuka mpaka hadi kwa Walutheri wa Bukoba, alikotoka Askofu Josiah Kibira, na kwa Wapresbiteri na Waanglikana wa Kenya.

Kenya ndiko ulikopimwa kwa damu. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, ndugu wengi wa Kikuyu walikataa kiapo cha wapiganaji wa Mau Mau wakisema wameshakunywa damu ya Kristo. Wengi wao walikataa pia bunduki za serikali. Wapiganaji waliwaona wasaliti wa ardhi, na tusiipuuze hoja hiyo, maana mashamba yalikuwa yameporwa kweli. Baadhi ya ndugu hao waliuawa. Murang'a likajengwa kanisa la kumbukumbu ya mashahidi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Elimo Njau, msanii mzaliwa wa Marangu, akachora kwenye kuta zake maisha ya Yesu katika mandhari ya Kiafrika.

Uganda nako, mwalimu Janani Luwum aliokoka Januari 1948. Akafika kuwa askofu mkuu, akamkemea Idi Amin, na Februari 16, 1977 akauawa. Serikali ikadai ni ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere alikimbilia uhamishoni, kisha akaandika kitabu kusema anampenda Amin. Si maneno ya kujipendekeza. Ujanani, alipookoka tu, alipanda baiskeli akaenda mbali kumwomba radhi Mzungu aliyekuwa akimchukia. Msamaha alikuwa ameuzoea tangu siku zile.

Mara nyingi simulizi za kanisa huishia hapa, kwa mashahidi. Lakini mwaka 1994, katika nchi ileile ya Gahini, Watutsi waliuawa na majirani waliosali nao, wengine ndani ya makanisa walikokimbilia, huku baadhi ya viongozi wa dini, Waanglikana wakiwemo, wakiitetea serikali iliyokuwa ikiua. Walikuwepo waliookoka waliokufa wakiwaficha wenzao, nao wanastahili heshima yao. Kwa wengine, miaka sitini baada ya Kinuka, ushuhuda ulikuwa umebaki maneno ya kukariri, na hakuna aliyewauliza habari za jirani wa kabila jingine. Historia ya uamsho inayomsifu Luwum na kuiruka Rwanda ya 1994 ni nusu ya historia, na isingepita mbele ya ndugu wa mwaka 1933.